Kushusha na kuunda upya gia boksi ya otomatiki ya Hilux Surf na Prado ukiwa nyumbani

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Gari inachelewa kushika rivasi, nishushe gia boksi?" "Nimebadilisha oili, sasa haiendi kabisa, kwa nini?" "Pleti nimenunua, naanzia wapi?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayeanza aweze kufuata akiwa na spana mkononi.

Ninazungumzia gia boksi za Aisin-Warner za familia ya A340F na A343F. Ndizo zilizo kwenye Hilux Surf nyingi za otomatiki na kwenye Land Cruiser Prado ya 90, ile ya 1996 hadi 2002, hasa yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE. Jeep Cherokee ya zamani nayo ina ndugu yake, inaitwa AW4. Muundo ni mmoja: gia nne za kwenda mbele, ovadraivu (seti ya gia ya nne) ikiwa mbele kabisa na planetari (seti za gia zinazozungukana) nyingine mbili nyuma yake. Lakini idadi ya pleti hubadilika kulingana na injini. Kwa hiyo angalia kibati cha gari, pale palipoandikwa TRANS/AXLE, kisha utafute manyuo (kitabu cha ufundi) ya namba hiyo hiyo. Vipimo nitakavyotaja humu ni vile vya kawaida vya familia hii. Manyuo ya gari lako ikisema tofauti, ifuate yenyewe.

Neno moja kabla hatujachafuka mikono. Pleti, zile sahani za klachi na breki zilizo ndani ya gia boksi, zikiungua ni matokeo. Kuna kitu kiliziunguza: sili iliyokauka ikavujisha presha, pampu iliyolika, kipoza oili kilichoziba, kebo ya throto iliyolegea, au oili isiyo yake. Ukibadilisha pleti na kukiacha kisababishi, utarudi chini ya gari hilo hilo mapema sana. Gia boksi nyingi ninazoziona zimefunguliwa mara ya pili ziliharibiwa na haraka ya mara ya kwanza.

KABLA YA KUSHUSHA: HAKIKISHA UGONJWA UKO NDANI

Anza na oili. Endesha gari mpaka ipate moto, simama mahali tambarare, injini ikiunguruma pitisha selekta taratibu kutoka P hadi L na urudi P, kisha pima kwa kijiti upande ulioandikwa HOT. Oili iliyo chini ya kiwango peke yake yaweza kuifanya gari iteleze na kuchelewa kushika. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inakuambia pleti zimeshapata moto. Oili ya rangi ya chai ya maziwa maana yake maji ya rejeta yameingia, na hapo utahitaji kutengeneza rejeta pia, la sivyo kazi yote ni bure.

Kama gari lako lina kebo ya throto inayoingia kwenye gia boksi, mwambie mtu akanyage mafuta mpaka mwisho nawe utazame kebo upande wa injini. Umbali kati ya kizuizi kilichobanwa kwenye waya na mwisho wa ganda la kebo uwe milimita 0 hadi 1. Ikilegea, presha inashuka na gia zinabadilika mapema kwa kuteleza. Nimeona watu wakishusha gia boksi kwa sababu ya kebo hii tu.

Kisha soma kodi, yaani namba za makosa zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari. Kwenye gari nyingi za miaka ya 1990, unaunganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi cha majaribio chini ya boneti, unafungua swichi bila kuwasha injini, huku kitufe cha ovadraivu kikiwa kimewashwa. Taa ya O/D OFF itapepesa. Ikipepesa kwa mwendo mmoja bila kukoma, hakuna kodi. Kodi 42 na 61 ni sensa za mwendo, 62 na 63 ni solenoidi (valvu za umeme) za kubadilisha gia, 64 ni solenoidi ya kufunga toki konveta, kile kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi kwa oili. Kodi hizi hutibika bila kushusha gia boksi.

Jaribio linalofuata ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linatenganisha umeme na chuma. Chomoa plagi ya solenoidi kwenye gia boksi kisha endesha. Ukiwa L gari litatumia gia ya kwanza, ukiwa 2 litatumia ya tatu, ukiwa D litatumia ya nne. Gia zote hizo zikishika vizuri, ndani hakuna shida, ugonjwa uko kwenye waya, solenoidi au kompyuta. Ukimaliza rudisha plagi na ufute kodi kwa kuchomoa fyuzi ya EFI.

Mwisho pima muda wa kushika. Gari likiwa na moto, breki ya mkono imevutwa na mguu uko kwenye breki, toa N uingize D. Mshtuko usikike ndani ya sekunde 1.2. N kwenda R ni ndani ya sekunde 1.5. Zaidi ya hapo, presha ni ndogo au pleti zimeisha.

NANI ANAFANYA KAZI GIA GANI

Nadharia ni hii tu, lakini iandike ukutani. Klachi ziko tatu: C0 ya ovadraivu, C1 ya mbele, C2 ya moja kwa moja. Breki ziko nne: B0 ya ovadraivu, B1 ambayo ni bendi (mkanda unaobana), B2 ya gia ya pili, B3 ya gia ya kwanza na rivasi. Halafu kuna klachi tatu za upande mmoja, yaani zinazozunguka upande mmoja tu, F0, F1 na F2.

Gia ya kwanza kwenye D: C0, C1, F0 na F2.
Gia ya pili: C0, C1, B2, F0 na F1.
Gia ya tatu: C0, C1, C2 na F0, pamoja na B2 inayokaa bila kubeba mzigo.
Gia ya nne: C1, C2, B0, pamoja na B2 inayokaa bila kubeba mzigo.
Rivasi: C0, C2, B3 na F0.

Ukiwa na orodha hiyo unaweza kumtaja mgonjwa kabla ya kufungua. Mbele haiendi lakini rivasi inakwenda? C1. Rivasi hakuna na gia ya tatu inateleza? C2, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye zote mbili. Rivasi hakuna lakini ya tatu ni nzima? Teremka mlima ukiwa L. Kama injini haizuii gari, B3 imekufa. Ya nne peke yake haishiki? B0. Andika jina la mgonjwa wako kwenye karatasi, kwa sababu utakapofika kwenye dramu (pipa linalobeba pleti) hiyo unatakiwa ukute ushahidi. Usipoukuta, usifunge mpaka ujue kwa nini.

VITU VYA KUWA NAVYO

Jeki ya gia boksi, au jeki ya toroli yenye ubao na mnyororo. Gia boksi hii pamoja na transfa (gia boksi ndogo ya kugawa nguvu magurudumu ya mbele na nyuma) yake inapita kilo 100, usijidanganye kuishika kwa kifua. Stendi nne imara. Kompresa ya hewa yenye bunduki na rigyuleta. Spana ya toki ndogo inayosoma vizuri kuanzia Nm 5, na nyingine kubwa. Fila geji, vania kalipa, multimita. Koleo za saklipu za ndani na za nje. Kibana springi cha dramu; waweza kukitengeneza kwa boliti ndefu na kipande cha bomba kilichokatwa dirisha. Pula ya pampu, aina ya nyundo ya kuteleza. Meza safi, trei nyingi, mifuko ya plastiki, kalamu ya rangi, na simu ya kupiga picha.

Vipuri: kiti (seti) kamili ya sili, gasketi na oringi, pleti zote zenye lainingi, pleti za chuma za akiba, filta ya ndani, bushi na sili ya pampu, bendi ya B1 ikiwa imelika, ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) kama lita 12, kwa sababu gia boksi kavu pamoja na konveta hunywa lita 10 hivi. Nunua aina iliyoandikwa kwenye kijiti cha kupimia. Nyingi za familia hii zinasema Dexron II au III. Kwa aliye Dar es Salaam, Gerezani na Kariakoo ndiko kwa kuanzia. Kwa aliye Nairobi, Kirinyaga Road. Nenda na namba ya gia boksi na pleti moja ya zamani mkononi. Linganisha kipenyo, idadi ya meno na unene kabla ya kulipa. Duka likikosa kiti ya A340, uliza ya AW4. Sili nyingi ni zile zile, ila linganisha moja moja.

Na mafuta ya mgando, yale ya kawaida yasiyo na marashi. Ndiyo yatakayoshikilia washa na beringi bapa wakati wa kufunga, kisha yatayeyuka ndani ya ATF. Grisi ya magurudumu ni marufuku; haiyeyuki, inaziba filta na kugandisha valvu.

KUSHUSHA

1. Chomoa hasi ya betri. Inua gari, weka stendi kwenye chesesi, litikise uone kama limetulia. Usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu, hata kwa dakika moja.

2. Mwaga ATF kwenye beseni safi na uitazame juani. Unga mweusi laini ni wa lainingi. Vumbi la kung'aa ni la chuma. Vipande vya chuma ni beringi, washa au planetari, na hapo bajeti yako inabadilika.

3. Tia alama ya rangi kwenye flanji za propela zote mbili kisha zitoe. Toa kipande cha ekzosi kinachozuia, stata, bomba la kijiti, mabomba ya kipoza, fito za selekta na za transfa, kebo ya throto na plagi zote. Kila plagi ipewe kipande cha teipu chenye jina.

4. Kupitia tundu la chini ya injini, zungusha kranki kwa spana huku ukitoa boliti sita za konveta moja moja. Tia alama ya konveta na pleti ya flaiwili.

5. Tegemeza injini, weka jeki chini ya gia boksi, ifunge kwa mnyororo, toa mtambaa wa nyuma, kisha boliti za kuungana na injini. Ivute nyuma ikiwa sawa. Konveta itoke pamoja na gia boksi. Ikibaki imening'inia kwenye flaiwili itakunja sili, au ikuangukie.

6. Kabla ya kutoa konveta, weka rula iliyonyooka kwenye uso wa kengele (ganda la mbele linalofunika konveta) na upime kwa kalipa kina mpaka kwenye masikio ya konveta yanayofungwa boliti. Andika. Kipimo hiki kitakuokoa mwishoni.

7. Osha nje yote kwa mafuta ya taa na brashi, ziba matundu yote kwanza. Chembe ya mchanga inayoingia kwenye bodi ya valvu (kipande chenye njia za oili na valvu za kuelekeza presha) inatosha kukwamisha gia.

KUFUNGUA

8. Tenganisha transfa, kisha kengele ya mbele. Laza gia boksi, toa sampo (bakuli la oili la chini) na filta. Angalia sumaku za sampo.

9. Toa waya za solenoidi kwa mkono, si kwa koleo. Kisha legeza boliti za bodi ya valvu. Boliti zina urefu tofauti, kwa hiyo chora umbo la bodi kwenye kipande cha katoni, toboa matundu na kila boliti ikae kwenye tundu lake. Unapoinua bodi kuna valvu ndogo na springi yake inayotaka kukimbia. Iwe na mkono wa kuipokea.

10. Pistoni za akumuleta (za kulainisha mshtuko wa gia), nne, hutoka kwa hewa: funika kwa kitambaa, puliza kidogo kwenye tundu lake. Springi zake zinafanana lakini si sawa. Kila pistoni na springi yake mfuko wake, na jina la tundu ilikotoka.

11. Simamisha gia boksi, mdomo juu. Vuta pampu kwa pula. Kuanzia hapa vitu vinatoka kwa mpangilio huu: planetari ya ovadraivu na klachi yake C0, pleti za B0, kishikilio cha ovadraivu (usisahau boliti zake mbili zinazoingia kutoka upande wa bodi ya valvu), C2 na C1, kifuniko na pistoni ya bendi B1 kutoka ubavuni, bendi yenyewe, planetari ya mbele, gia ya jua na F1, kisha kundi la nyuma lenye B2, planetari ya nyuma, pleti za B3 na shafti ya kutokea.

Kila kinapotoka kitu, piga picha mbili: moja kikiwa bado ndani, nyingine kikiwa mezani. Viweke mezani kwa mstari, upande uliotazama juu ubaki juu. Beringi bapa na vikombe vyake vina upande. Vikigeuzwa, gia boksi itafungika lakini itaungua. Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi kuliko mahali pengine popote, nami naomba usiharakishe hata kama giza linaingia. Funika kwa shuka safi ulale, uendelee kesho.

12. Pistoni za B3 ziko chini kabisa, ndani ya nyumba ya gia boksi, nyuma ya springi. Wengi huziacha kwa sababu ni ngumu kuzifikia. Zitoe. Sili zake zina umri ule ule wa nyingine zote.

KUKAGUA

13. Tazama pleti zenye lainingi. Mpya zina namba iliyochapishwa kwenye lainingi. Namba ikianza kufutika, lainingi ikibanduka au ikibadilika rangi, badilisha zote za klachi hiyo. Mimi hubadilisha zote za gia boksi nzima. Pleti za chuma zenye madoa ya bluu au zilizopinda hazirudi. Zilaze mbili uso kwa uso juu ya kioo uone kama mwanga unapita.

14. Pampu. Fila geji kati ya gia kubwa na bodi: isizidi milimita 0.3. Kati ya ncha za meno na kile kipande cha mwezi mwandamo: isizidi 0.3. Rula juu ya gia na bodi: isizidi 0.1. Ikizidi, badilisha pampu. Pampu iliyochoka ndiyo inayounguza pleti za kila mahali, na hakuna sili mpya itakayoifidia. Tia alama ya kalamu upande wa juu wa gia zote mbili kabla ya kuzitoa.

15. Klachi za upande mmoja: shika ndani, zungusha nje. Iende upande mmoja laini, upande wa pili igome kabisa. Andika ni upande upi, kwa sababu F ikifungwa kinyume gari halitabadilisha gia au litajifunga.

16. Solenoidi: S1, S2 na ya konveta zipime kwa multimita, om 11 hadi 15. Kisha zipe volti 12 usikie mlio wake. Inayolia lakini inapitisha hewa ikiwa imefungwa nayo ni mbovu.

17. Bodi ya valvu. Kama oili ilikuwa safi na gia zilikuwa zikibadilika vizuri, ioshe ikiwa imefungwa, puliza na uiache. Kama kuna unga wa chuma, ni lazima ifunguliwe. Ifungulie ndani ya trei pana, upande wenye mipira ukiwa juu, picha kwanza kabla ya kugusa. Kila valvu iteleze kwa uzito wake yenyewe. Usitumie msasa wa kawaida kwenye valvu, na usizifute kwa tambara linaloacha nyuzi. Hewa na karatasi ngumu vinatosha.

18. Toki konveta haifunguliwi nyumbani, imechomelewa. Ikiwa oili ilikuwa na chuma, au shingo yake imechimbika, tafuta nyingine. Kuosha konveta yenye chuma kwa petroli na kuitikisa hakuisafishi.

19. Kipoza oili kilicho ndani ya rejeta pamoja na mabomba yake: pitisha dawa ya kusafishia kinyume cha mwelekeo wa oili, kisha ATF safi, mpaka itoke bila uchafu. Kikigoma kupitisha, badilisha.

KUFUNGA

20. Loweka pleti zote mpya kwenye ATF angalau dakika 15. Mimi huziacha usiku kucha. Pleti ikifungwa kavu huanza kuungua dakika ya kwanza.

21. Badilisha sili na ringi zote, paka ATF, ingiza pistoni kwa mikono huku ukiizungusha. Mdomo wa sili uelekee upande presha inakotokea. Ukisikia inakwama, itoe. Sili iliyojikunja ukiilazimisha itakatika, na hutaiona tena mpaka gari ligome kushika.

22. Panga pleti ya chuma, yenye lainingi, ya chuma, kwa idadi ile ile uliyoitoa na flanji (pleti nene ya mwisho) upande wake. Funga saklipu. Sasa kalisha dramu kwenye kiti chake chenye ringi na upulize hewa ya kg/cm² 4 hadi 8. Pistoni ipige "tap!" mara moja na itulie. Sauti ya kuvuja maana yake sili imekatika au ringi haijakaa. Pima mwendo wa pistoni na ulinganishe na manyuo ya namba yako. Mwendo ukizidi, kuna flanji za unene tofauti za kurekebisha. Usiongeze pleti kwa kukisia.

23. Rudisha kila kitu kinyume cha hatua ya 11. Beringi bapa zibandike kwa mafuta ya mgando. Meno ya C1 na C2 yanaingia pleti moja baada ya nyingine: shika shafti, tingisha kushoto na kulia huku ukiacha uzito ushuke wenyewe. Usigonge. Usivute chini kwa boliti. Kisipofika chini, kuna pleti haijaingia.

24. Bendi B1: tia alama ya rangi kwenye fito ya pistoni inapoingia kwenye nyumba, puliza hewa, pima mwendo wake. Uwe milimita 1.5 hadi 3.0. Ukizidi, jaribu fito ndefu zaidi au bendi mpya.

25. Kabla ya kurudisha bodi ya valvu, puliza hewa kwenye kila tundu la nyumba na usikilize kila klachi na breki ikipiga. Jaribio hili linafanywa ukiwa bado mezani, na hakuna lingine linalolizidi. Shafti ya kuingilia lazima izunguke laini kwa mkono kabla na baada ya kukaza pampu. Ikigoma baada ya kukaza, fungua tena papo hapo.

26. Kaza kwa spana ya toki: pampu Nm 22, bodi ya valvu Nm 10, filta Nm 10, sampo Nm 7, kengele boliti za mm 10 Nm 34 na za mm 12 Nm 57. Sampo hukazwa kidogo kuliko unavyodhani. Nguvu nyingi hupindisha ukingo wake na kuvujisha.

27. Mimina ATF kiasi ndani ya konveta na uiingize kwa kuizungusha mpaka ishuke hatua zote. Pima kile kina ulichoandika hatua ya 6. Kikipungua hata kidogo, konveta haijaingia kwenye meno ya pampu. Zungusha tena. Ukivuta gia boksi kwenye injini kwa boliti hali ikiwa hivyo, utavunja pampu mpya kabla hujawasha gari. Ikishaungana na injini ipasavyo, konveta inazunguka bure kwa mkono na kuna nafasi ndogo kati yake na flaiwili kabla ya boliti zake, ambazo hukazwa Nm 41.

KUWASHA MARA YA KWANZA

Mimina lita 5, washa, ongeza mara moja mpaka kijiti kiguse. Mguu kwenye breki, pitisha selekta kila nafasi kwa sekunde chache. Pima, ongeza, chungulia uvujaji. Kisha endesha mtaani taratibu mpaka ipate moto na upime upande wa HOT. Kwa kilomita 500 za mwanzo usivute trela, usikanyage mafuta mpaka mwisho, usipande mlima na mzigo. Baada ya hapo mwaga oili ya sampo, kama lita 2, na utie mpya. Oili chafu mpe anayekusanya, usiimwage mtaroni.

IKIGOMA

Haishiki mbele wala nyuma: oili haitoshi, fito ya selekta haijaingia kwenye valvu yake, filta haikukaa vizuri, au pampu imevunjwa na konveta.

Inashika kwa kishindo: kebo ya throto imekazwa mno, pistoni au springi ya akumuleta imeingia tundu la mwenzake, au mpira wa bodi ya valvu umekosa mahali pake.

Inatambaa mbele ikiwa N: fito ya selekta, au C1 haiachii kwa sababu pleti zimebana.

Haibadilishi kwenda ya pili lakini ya tatu ipo: B2 au F1. Rudi kwenye picha zako uone F1 ilitazama wapi.

Inajifunga ikibadilisha gia: klachi ya upande mmoja imefungwa kinyume. Usiendelee kuendesha, ishushe.

Gia zinabadilika vizuri lakini oili inachemka: mabomba ya kipoza yamebanwa au yameziba, au konveta haifungi. Soma kodi 64, kisha chomoa bomba la kurudi, liingize kwenye chupa, mwambie mtu awashe injini kwa sekunde chache. Oili isipotoka kwa mkondo, zima injini na ufungue mabomba kabla ya kugusa kitu kingine.